Uwatu ulioota na figo zilizogoma: uchambuzi wa kisa cha Ujerumani, 2011

Alhamisi tarehe 19 Mei 2011, Taasisi ya Robert Koch ya Berlin, inayofuatilia magonjwa ya kuambukiza nchini Ujerumani, iliarifiwa kwamba Hamburg kuna watoto watatu wamelazwa na HUS. Kwa ufupisho huo madaktari huita ugonjwa ambao mambo matatu hutokea kwa pamoja: chembe nyekundu za damu zinakatikakatika, chembe sahani zinazogandisha damu zinapungua, na figo zinaacha kuchuja. Mara nyingi hutanguliwa na kuhara damu. Ujerumani nzima ilizoea kuona wagonjwa kama 60 kwa mwaka, wengi wao watoto wadogo, kwa hiyo watatu kwa mpigo katika mji mmoja lilikuwa jambo la kushtua.

Wachunguzi walifika Hamburg kesho yake wakakuta watoto ndio wachache. Wodi zilikuwa zinajaa watu wazima waliokuwa wazima wa afya wiki moja kabla, hasa wanawake. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 26 Julai, waliougua walikuwa 3,842, kati yao 855 walipata HUS, na waliofariki walikuwa 53. Karibu tisa katika kila kumi ya wenye HUS walikuwa watu wazima, na wanawake walizidi theluthi mbili. Kwa anayeijua HUS ya watoto, picha hiyo ilikuwa imepinduliwa juu chini, na ndani yake mlikuwa na dalili ya chanzo ambayo haikusomwa mapema: ni chakula gani wanawake watu wazima hukila sana, na watoto hukikwepa?

Bakteria wa mwili mmoja na silaha ya mwingine

Kwa muda mrefu HUS imehusishwa zaidi na bakteria E. coli aina ya O157:H7, anayeishi kwenye utumbo wa ng'ombe na kumfikia mtu kwa nyama ya kusaga isiyoiva, maziwa mabichi, au mboga zilizoguswa na samadi. Wa Hamburg alikuwa O104:H4. Kwa asili ni wa kundi la E. coli wanaokaa kwa binadamu, wale wanaojipanga kwenye ukuta wa utumbo kama matofali na kusababisha kuhara kwa muda mrefu. Ndugu yake wa karibu aliyekuwa akijulikana alitoka kwa mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati miaka ya 1990. Tofauti ni kwamba huyu wa 2011 alikuwa ameingiwa na kirusi cha bakteria kilichobeba jeni ya sumu ya Shiga aina ya pili, tena alikuwa na usugu dhidi ya penisilini na sefalosporini nyingi, seftriaksoni ikiwemo. Mwenye kung'ang'ania utumbo akapewa sumu: ndiyo maana zaidi ya mgonjwa mmoja katika kila watano alifikia HUS, ilhali kwa watoto wenye O157 huwa ni asilimia 10 hadi 15.

Maabara nayo ilikuwa na mtego wake. O157 hukamatwa kwenye sahani ya kuoteshea bakteria yenye sukari ya sorbito kwa sababu haichachushi sukari hiyo, hivyo vikundi vyake hubaki bila rangi. O104:H4 huichachusha kama E. coli yeyote asiye na madhara. Maabara iliyotegemea sahani hiyo peke yake ingeandika "hakuna kitu". Zilizofanikiwa zilitafuta jeni ya sumu kwa PCR, kipimo kinachonakili vipande vya jeni hadi vionekane, au zilitumia sahani yenye antibayotiki na kuuelekeza usugu wa mdudu huyu dhidi yake mwenyewe.

Sumu ya Shiga ina vipande sita: vitano vya kushikia na kimoja cha kukata. Vile vitano hunasa mafuta maalumu yanayoitwa Gb3, ambayo yamejaa kwenye kuta za mishipa midogo ya figo, na yapo pia kwenye ubongo. Sumu ikishaingia ndani ya seli, kile kipande cha kukata hung'oa sehemu moja ndogo ya ribosomu, na utengenezaji wa protini unasimama. Seli ya ukuta wa mshipa huvimba, hujitenga, na chini yake panabaki wazi. Chembe sahani hukimbilia pale, utando wa damu iliyoganda hujengeka, njia huwa nyembamba. Chembe nyekundu zinasukumwa kupita kwenye tundu hilo na kutoka zimepasuka vipande, vingine kama kofia ya chuma, vingine pembetatu. Upungufu wa damu na wa chembe sahani ni matokeo ya kuziba kwa mishipa. Ukilielewa hilo, utaona kwa nini kumwongezea mgonjwa chembe sahani bila sababu nzito ni kuongeza kuni motoni.

Jingine la kushika ni kwamba kinachoingia kwenye damu ni sumu, siyo bakteria. Kuotesha damu maabara kutafuta bakteria kwa kawaida hakutoi kitu. Na figo zinapoanza kugoma, sehemu kubwa ya sumu imeshafika ilikokuwa inakwenda.

Siku ya tano

Kwa O104:H4, tangu kula hadi kuanza kuhara zilipita kama siku 8 kwa mgonjwa wa kati, wakati O157 huchukua 3 au 4. Kuanzia kuhara hadi HUS zilikuwa siku 5. Maumivu ya tumbo ni makali, homa ni ndogo au haipo kabisa, na choo hugeuka damu ndani ya siku chache za mwanzo. Halafu kuhara hupungua. Hapo ndipo ndugu hushusha pumzi, mgonjwa huomba ruhusa ya kurudi nyumbani, na daktari mwenye wodi iliyojaa hushawishika kumpa. Hapo ndipo pabaya.

Kitu cha kwanza kushuka ni chembe sahani, mara nyingi kabla kriatinini, taka ya damu inayoonyesha kazi ya figo, haijapanda. Mgonjwa mwenye chembe 240,000 kwa mikrolita Jumatatu na 130,000 Jumatano hajapona, hata kama anakula na kucheka. Kisha himoglobini hushuka, LDH, kimeng'enya kinachomwagika seli zinapovunjika, hupanda sana, kipimo cha Coombs, kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia chembe nyekundu, huwa hasi, na kwenye kioo cha damu, yaani tone la damu linalotazamwa kwa darubini, huonekana chembe zilizokatika. Kitandani utaona weupe wa viganja na ulimi, kope zilizovimba asubuhi, vidoa vyekundu vidogo kwenye miguu, na mkojo mchache wa rangi ya chai. Muuguzi anayeandika kiasi cha mkojo kila saa huweza kuona figo zikigoma kabla ya majibu ya maabara.

Ubongo ndio uliowashangaza madaktari wa kaskazini mwa Ujerumani. Wagonjwa wengi wa HUS walionyesha dalili za mishipa ya fahamu, na mara nyingine zilitokea wakati vipimo vya damu vimeshaanza kutulia. Dalili ya mapema ilikuwa kukosa maneno: mtu anaonyeshwa kalamu, anaijua, lakini jina lake halitoki. Wengine walichanganyikiwa, walishtuka misuli, walipata degedege. Kumwomba mgonjwa kila zamu ataje vitu vitatu na kuandika sentensi moja hakuna gharama, na kunaonyesha mabadiliko ambayo swali la "unajisikiaje?" halioni.

Kilichosaidia, kilichotia shaka, na kilichodhuru

Hakuna dawa inayoiondoa sumu. Kazi ni kuubeba mwili hadi mishipa ijirekebishe, na sehemu yenye faida kubwa ni ile ya mapema: maji ya mshipani, salini ya asilimia 0.9, kabla figo hazijagoma. Mtoto aliyepungukiwa na maji huanzishiwa mililita 10 hadi 20 kwa kilo, anapimwa tena, anaongezewa kadiri ya hali. Mshipa uliojaa maji hupitisha damu hata penye kuta zilizoumia. Lakini dripu hiyohiyo ikiachwa kwa kasi ileile baada ya mkojo kukauka, maji huishia kwenye mapafu. Mkojo ukishuka chini ya nusu mililita kwa kilo kwa saa na mgonjwa tayari ana maji ya kutosha, badili hesabu: anachotoa ndicho anachorudishiwa, pamoja na kile kinachopotea kwa jasho na pumzi.

Damu huongezwa himoglobini inapofika gramu 6 hadi 7 kwa desilita, mililita 10 za chembe nyekundu kwa kilo, polepole kwa saa 3 hadi 4, huku shinikizo la damu likipimwa. Chembe sahani hazitolewi ila kwa anayevuja damu kwelikweli au anayekwenda kuwekewa mpira mkubwa kwenye mshipa. Kusafisha damu kwa mashine, au kwa maji ya tumboni kwa watoto wadogo, huanza potasiamu inapopita milimoli 6.5 kwa lita na haishuki kwa dawa, maji yanapojaa mapafuni, asidi inapozidi, au mgonjwa anapokaa bila mkojo. Kwa HUS ya watoto, karibu nusu hufika hapo, na wengi wao figo huamka ndani ya wiki mbili au tatu.

Hospitali za kaskazini zilibadilisha plazma, yaani majimaji ya damu, za mamia ya wagonjwa, na wengi walipewa ekulizumabu, dawa ghali inayozuia sehemu ya kinga ya mwili iitwayo komplementi. Tumaini la dawa hiyo lilitokana na barua ya kitabibu iliyotoka mwezi huohuo wa Mei kuhusu watoto watatu waliopata nafuu. Data zilipokusanywa baadaye, hakuna kati ya njia hizo mbili iliyoonyesha faida ya wazi kuliko huduma ya kawaida. Lawama hapo ni ndogo: mtu wa miaka 40 anapofia mikononi mwako unajaribu kilichopo. Ila ni funzo ghali kuhusu kutoa dawa kwa mamia bila kundi la kulinganisha.

Antibiotiki zina habari yake. Kwa O157 zinaepukwa, kwa kuwa baadhi humfanya bakteria apasuke na kumwaga sumu zaidi. Ila waliopewa ekulizumabu walihitaji kinga dhidi ya homa ya uti wa mgongo, na huko Lübeck kinga hiyo ilikuwa azithromaisini. Walipofuatiliwa, mgonjwa mmoja tu kati ya 22 aliendelea kutoa bakteria kwenye choo zaidi ya siku 28, dhidi ya 35 kati ya 43 ambao hawakupewa. Wala HUS haikuzidishwa na dawa hiyo. Matokeo hayo ni ya mdudu huyu, hayampi mtu ruhusa ya kumwandikia antibiotiki kila mtoto anayehara damu kwa sababu ya O157.

Viwili vilivyodhuru popote ni dawa za kufunga tumbo, kama loperamidi, kwa kuwa huikalisha sumu ndani ya utumbo, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na aibuprofeni, ambazo huibana figo iliyokwisha kubanwa. Zote mbili hupatikana duka la dawa bila cheti, na mtu mwenye tumbo linalokata huziomba kwa majina.

Kwa zahanati za kwetu

Katika Maziwa Makuu HUS ya aina hii ina njia nyingine: bakteria wa kuhara damu, Shigella dysenteriae aina ya kwanza, ambaye hutoa sumu ya Shiga yenyewe. Milipuko yake ilianza Zaire mwaka 1979 ikasambaa Rwanda, Burundi na nchi jirani, na ikarudi kwa ukali Goma mwaka 1994 kwenye kambi za wakimbizi, nyuma ya kipindupindu. Hapo kanuni ya antibiotiki hugeuka: Shigella hutibiwa, tena mapema, kwa dawa ambayo vimelea wa eneo hilo bado wanaisikia. Homa kali na mtu kwenda chooni kila mara akitoa ute na damu kidogo huelekeza huko, ingawa kipimo cha choo ndicho chenye neno.

Mtego mkubwa wa kwetu ni malaria. Nayo hushusha chembe sahani, hula damu, huharibu figo na kutoa mkojo mweusi. Katika eneo lenye malaria nyingi, kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha chanya kwa mtoto ambaye tatizo lake kubwa ni HUS. Tibu malaria, lakini mtoto aliyehara damu wiki iliyopita na sasa hakojoi apigwe picha kamili ya damu, kriatinini na kioo cha damu, na mtazamaji wa kioo aambiwe atafute chembe zilizokatika, asitafute vimelea peke yake. Kwa anayehara damu na bado yuko vizuri, picha ya damu irudiwe kila siku hadi chembe sahani zitulie au zianze kupanda. Penye kipimo kimoja tu cha kumudu, kiweke siku ya nne au ya tano.

Tango lililosingiziwa

Hamburg, wachunguzi waliwauliza wagonjwa walikula nini, wakawalinganisha na watu wasiougua. Nyanya mbichi, matango na majani ya saladi ndiyo yaliyojitokeza. Tarehe 25 Mei wananchi walishauriwa kutokula hivyo vibichi, na tarehe 26 maabara ya Hamburg ikatangaza kwamba imekuta EHEC, yaani E. coli wenye sumu ya Shiga, kwenye matango ya Hispania. Tarehe 31 ikabainika kwamba walikuwa E. coli wa aina nyingine kabisa. Urusi ilifunga mlango kwa mboga za Umoja wa Ulaya tarehe 2 Juni, wakulima wa Hispania walikuwa wanatupa mazao, na Umoja wa Ulaya ukatenga euro milioni 210 za fidia.

Kosa lilikuwa ndani ya swali. Chanzo kilikuwa mbegu zilizooteshwa, zile nyuzi nyeupe zinazonyunyizwa juu ya saladi au kubanwa ndani ya mkate. Mtu anayekula saladi hukumbuka tango na nyanya. Kipambo hakikumbukwi. Hata katika utafiti wa baadaye ambao tayari ulikuwa unazishuku mbegu hizo, robo tu ya wagonjwa walikumbuka kuzila. Tango lilionekana na hatia kwa kuwa lilikuwa kwenye bakuli moja na mwenye hatia.

Kilichovunja fumbo ni kuacha kutegemea kumbukumbu ya mlaji. Wachunguzi walichukua makundi 10, jumla watu 152, waliokula mgahawa mmoja kati ya tarehe 12 na 16 Mei. Waliulizwa walichoagiza tu, na oda zikahakikiwa kwa bili na picha walizopiga mezani. Kisha mpishi akaulizwa kila sahani inaandaliwaje, kwa viungo gani, kibichi kipi kinawekwa juu. Watu 31 waliugua, na wote walikuwa wamepewa sahani zenye mbegu zilizoota. Waliopewa walikuwa na hatari mara 14.2 ya wasiopewa. Kwa maoni yetu huo ndio mwendo wa kuigwa kwenye harusi, msiba au kantini ya shule: orodha ya vyakula iulizwe kwa walaji, viungo viulizwe kwa jiko.

Upande mwingine, wakaguzi wa chakula walifuata ankara. Makundi 41 ya wagonjwa yalielekea kwa mzalishaji mmoja wa Bienenbüttel, Saksonia ya Chini. Tarehe 10 Juni ushauri dhidi ya nyanya, matango na saladi uliondolewa, na mbegu zilizooteshwa zikatajwa rasmi. Kilele cha watu kuanza kuugua kilikuwa kimepita tangu tarehe 21 na 22 Mei. Taarifa za wagonjwa zenyewe zilikuwa zinachelewa njiani, maana sheria ya wakati ule iliruhusu ofisi za afya za wilaya na za majimbo kukaa nazo siku kadhaa kila ngazi. Ilirekebishwa mwaka 2013.

Mbegu

Mwezi Juni watu wakaugua Bègles, karibu na Bordeaux, Ufaransa, baada ya sherehe ya kituo cha watoto tarehe 8 Juni. Hapakuwa na chochote kutoka Bienenbüttel. Mbegu zilinunuliwa kwa pakiti ndogo dukani zikaoteshwa papo hapo. Bakteria alikuwa yuleyule. Kilichounganisha pande mbili ni uwatu: shehena moja ya kilo 15,000 iliyosafirishwa kutoka Misri mwishoni mwa 2009, ambayo kilo 75 zake zilifika kwa mzalishaji wa Ujerumani. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa ripoti hiyo tarehe 5 Julai, na mbegu za Misri zikazuiwa kuingia.

Misri ilikana, na ni kweli kwamba O104:H4 hakuwahi kuoteshwa kutoka kwenye mbegu zenyewe. Hilo haliondoi uzito wa ushahidi wa ankara. Ukiwa na mbegu chache zenye uchafu ndani ya gunia zima, unaweza kupima sampuli nyingi na usizipate. Bakteria hukaa kwenye nyufa za ganda kavu kwa miezi au miaka bila kuzaliana. Weka mbegu hiyo kwenye pipa lenye unyevu na joto la chumba kwa siku tatu, na wachache wanakuwa mamilioni kwa gramu, wakisambazwa na maji yaleyale yanayonyunyiziwa pipa zima. Kuosha chipukizi mwishoni hakusaidii kitu, kwa kuwa wengine wako ndani ya tishu. Ndiyo maana kanuni za Ulaya za 2013 hutaka sampuli isichukuliwe kabla ya saa 48 tangu kuotesha kuanze: apimwe akiwa amekwisha zaliana.

Uwatu wa mchuzi, au wa uji wa mzazi, unaochemka jikoni haumo katika hatari hii. Joto la nyuzi 70 hadi katikati ya chakula kwa dakika mbili humuua bakteria huyu. Ule unaolowekwa usiku kucha nje ya friji na kuliwa bila kupikwa, na dengu au choroko zilizooteshwa kwa saladi, uko upande mwingine wa mstari, hasa kwa mtoto mdogo, mjamzito na mzee. Uchemshwe, au ulowekwe ndani ya friji na kuliwa siku hiyohiyo, ingawa friji huchelewesha tu bakteria na haimwui.